Kuufuata Mto Pangani: kutoka mifongo ya Uru hadi kivuko cha Bweni

Nimesharudi nyumbani, viatu vimefuliwa, na simu imejaa picha za mabanio ya kuchepushia maji, bikoni za mipaka na mabango ya "Usilime hapa". Wengi mliniuliza naenda kufuata nini Kilimanjaro kama sipandi mlima. Nilifuata maji. Mto Pangani unaanzia miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unakusanyika kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, unateremka kando ya Upare na Usambara, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale mji wa Pangani ulipo. Bonde lake lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 43,000, na kipande chake kiko Kenya. Serikali ilifungua ofisi ya kusimamia maji ya bonde hili mwaka 1991, ya kwanza ya aina yake nchini. Leo mabonde ni tisa, kila moja na bodi yake chini ya Wizara ya Maji.

Nilitaka kuiona kazi hiyo ikiwa kwenye tope. Ripoti nilishazisoma. Nilikwenda Septemba, wakati wa kiangazi, maana ugomvi wa maji hauonekani wakati wa masika.

Jumatatu: Moshi na Uru

Dar hadi Moshi hakuna la kusimulia: basi, vichekesho kwenye televisheni, shingo kuuma. Gesti karibu na stendi ilikuwa elfu ishirini na tano, chai na chapati mbili ndani yake. Asubuhi nikapanda daladala ya Uru, elfu moja, na kondakta akanishusha kwenye kona aliyosema "hapo ukisikia maji yanaongea, yafuate."

Nikayasikia. Mfongo, yaani mfereji wa kienyeji wa Wachagga, ulikuwa upana wa hatua moja, umechimbwa ubavuni mwa mlima kwa kufuata mwinamo mdogo sana, hivi kwamba maji yanakwenda polepole bila kula udongo. Mahali panapogawanyika pamewekwa mawe matatu, majani ya mgomba na kidonge cha udongo. Ukisogeza jiwe moja, shamba la jirani linakauka. Kilimanjaro ina mamia ya mifongo ya namna hii, na mingi ni mikongwe kuliko serikali yoyote iliyopita hapa.

Mzee niliyemkuta akizibua majani aliitikia shikamoo yangu na kunipa mkongojo wake nishike, akaendelea na kazi. Zamu yake ni Jumatatu na Alhamisi, kuanzia alfajiri hadi saa nne. Asiyefika siku ya kusafisha mfongo anatozwa faini; zamani ilikuwa mbege, siku hizi ni pesa, "na ndiyo maana siku hizi watu wanaona heri walipe."

Nikamuuliza maji yamepungua? Yamepungua. Kwa sababu ya nani? Akainua panga akaelekeza juu, msituni.

Nitasema hapa jambo ambalo wapita njia wengi hulikosea. Watu wanatazama theluji ya Kibo inavyoisha wanadhani mito inaisha nayo. Barafu ile inachangia kiasi kidogo sana. Maji ya Kilimanjaro yanatoka kwenye msitu, ule mkanda unaonyeshewa mvua na kukamata ukungu, kisha yanazama na kutokeza chini kama chemchemi. Ukichoma msitu umeziba bomba. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 juu huko, na wazee wa Uru bado wanauzungumza kwa sauti ya msiba.

Kati ya msitu na mashamba kuna ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa enzi za mkoloni, mwaka 1941, wanakijiji wapate kuni na majani ya mifugo. Mwaka 2005 ukaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa. Kwa macho yangu msitu umeshona vizuri. Kwa mama aliyenipa ndizi za kuchoma nje ya nyumba yake, majani ya ng'ombe sasa yananunuliwa tambarare na kupandishwa kwa gari. Vyote viwili ni kweli, na mwenye kulipa gharama ya msitu kushona ni yule mama.

Kwa mtakaokwenda: msiingie msituni kienyeji, ni hifadhi na kuna kiingilio. Mifongo yenyewe iko vijijini na kuitazama ni bure, ila omba ruhusa, na usikanyage kingo.

Jumanne: Mabogini na Chekereni

Unashuka kutoka Moshi mjini dakika chache tu na hewa inabadilika, joto linakupiga usoni. Msitu wa Rau uko hapo kushoto, mkubwa, wenye chemchemi ndani yake, halafu ghafla mpunga.

Skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini ilijengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajapani: mabanio ya zege, mifereji iliyosakafiwa, mbegu za muda mfupi. Ilifanikiwa mno, na kufanikiwa kwake ndiko kulikoiponza. Wakulima wa juu ya banio waliona jirani anavuna mara mbili kwa mwaka, nao wakachimba mifereji yao, wakapanda mpunga, na maji yakawa yanaishia kwao kabla hayajafika kwenye zege. Hadi leo kuna mashamba ndani ya skimu yenye mfereji mzuri kabisa uliojaa vumbi. Nilipiga picha mbuzi akiwa amelala ndani ya mmoja.

Kwenye banio nilimkuta mgawa maji, kijana wa miaka thelathini hivi, buti za mpira, daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Kazi yake ni kufungua na kufunga mageti kwa zamu za vitongoji. Geti ni bamba la chuma lenye usukani juu yake, na usukani umefungwa mnyororo na kufuli. Alinionyesha kwa kidole sehemu ya chini ya bamba: jiwe la ukubwa wa ngumi, limebanwa pale usiku ili geti lisifunge sawasawa. Alilitoa kwa mkono, akalitupa kwenye rundo la mawe mengine kando ya banio. Rundo lilikuwa limefika magotini.

"Haya yote ni ya mwezi huu?" nikamuuliza.

"Ya wiki hii, dada."

Bahati yangu, mchana kulikuwa na kikao cha jumuiya ya watumia maji, chini ya mwembe, viti vya plastiki vimeletwa kwa toroli. Afisa wa bonde alikuja na pikipiki. Kabla ya kuketi alishuka mtoni kwanza, akasoma ubao uliosimikwa majini, umechorwa sentimita kama rula ya shule, akaandika. Alipoanza kuongea hakutaja sheria, alitaja namba: leo maji ni haya, mwaka jana tarehe kama hii yalikuwa hivi, vibali vilivyotolewa vinadai hivi. Hesabu haikukubali, na kila mtu pale aliiona.

Kwa wasioijua habari hii: maji Tanzania ni mali ya umma. Unayochota kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani hayahitaji karatasi, lakini ukichepusha mto kwa mfereji unahitaji kibali cha kutumia maji kutoka bodi ya bonde, na unalipia ada. Ndivyo inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyozipa nguvu jumuiya kama hii, na juu yake kamati za vidakio, yaani za maeneo yanayokusanya maji ya mito, ambako watu wa mito mbalimbali wanatakiwa kukaa meza moja, kisha bodi.

Mama mmoja, khanga begani, alisimama bila kunyoosha mkono. "Mimi nina kibali, nimelipa, naonyesha risiti yangu. Aliye juu hana kibali na ana maji. Sasa nile risiti?"

Kicheko, kisha kelele. Mwanaume mmoja wa vitongoji vya juu akajitetea kwamba na wao wanakatiwa na watu wa mifongo, huko Uru na Old Moshi. Nikamkumbuka mzee wangu na kidonge chake cha udongo, nikanyamaza.

Walichokubaliana ni hiki: siku mbili za maji kwa wa juu, tatu kwa skimu, na usiku kila upande utoe walinzi wawili walinde pamoja. Hiyo ya walinzi wa pande mbili ilitoka kwa mgawa maji, na nadhani ndiyo iliyokuwa ya maana kuliko zote. Kikao kilichukua saa tatu na soda moja kwa kila mtu. Wali maharage kwa mama ntilie jirani, elfu mbili. Akijua umetoka kikaoni anakuongezea mchicha.

Jumatano: Nyumba ya Mungu

Moshi hadi Mwanga kwa Noah, elfu tatu, watu wanne kwenye kiti cha watatu. Kutoka Mwanga nilikodi bodaboda kwenda na kurudi kwa elfu kumi na tano, pamoja na kunisubiri. Beba maji, beba kofia. Ni nyika yenye vumbi jeupe na huna kivuli hadi ufike ziwani.

Bwawa lilijengwa miaka ya 1960. Hapa ndipo Kikuletwa, anayetoka upande wa Meru na magharibi ya Kilimanjaro, anapokutana na Ruvu, anayetoka Ziwa Jipe mpakani na Kenya. Mitambo ya umeme hapa ni megawati 8 tu. Kazi kubwa ya bwawa ni kuweka akiba ya maji na kuyaachia kwa kipimo ili mitambo mikubwa ya chini, Hale na Pangani Falls, isikose.

Kipimo hicho kina upande wake wa pili. Kabla ya bwawa, mto ulifurika kila masika na kumwagika kwenye kinamasi cha Kirua huko chini. Wavuvi na wafugaji waliishi kwa mafuriko hayo. Maji yalipoanza kuachiwa sawasawa mwaka mzima, kinamasi kikasinyaa.

Kambini kwa wavuvi nilikaribishwa perege wa kukaanga na ugali, elfu nne, samaki akitosha kiganja. Mwenyeji wangu aliniambia baba yake alikuwa anakula samaki wa kufunika sahani. Analaumu makokoro, zile nyavu za kukokota zinazozoa hadi vifaranga, ambazo zimepigwa marufuku na bado zinatoka usiku. Halafu, nikiwa nanawa, akaongeza kwamba na tope nalo limezidi, "watu wa juu wanalima hadi kwenye kingo, udongo wote unakuja kwetu."

Juu tena.

Alhamisi: Makanya na Bangalala

Basi liliharibika kabla ya Same. Kondakta alisema ni mkanda, dereva akasema ni maji, tukakaa saa mbili na nusu. Mama mmoja wa Kipare aliyekuwa akiuza tangawizi barabarani alitoa vigoda vyake vyote, akaketi mwenyewe chini, akakataa pesa. Nilinunua tangawizi kilo mbili nisizozihitaji.

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiisubiri. Makanya nilishuka, nikachukua bodaboda kupanda Bangalala kutazama ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la kienyeji la Wapare: kijito cha mlimani ni chembamba mno kumwagilia moja kwa moja, hivyo usiku kucha maji yanaelekezwa kwenye ndiva hadi lijae, na asubuhi yanafunguliwa kwa mkupuo yafike mashambani kwa nguvu. Niliyoiona imesakafiwa kwa saruji. Tulifika imeshafunguliwa nusu. Kijana aliyekuwa zamu alikuwa kiunoni ndani ya maji akihisi kwa mguu mahali pa kuzibia, huku wenzake watatu chini wakimpigia kelele asizibe bado, shamba la mwisho halijalowa. Aliwaacha dakika tano zaidi, kisha akaziba, na mfereji ukanyamaza.

Kamati ya ndiva ina mwenyekiti, mhazini na orodha ya zamu iliyobandikwa dukani. Hakuna aliyekuja kuwafundisha. Kazi ya serikali hapa, kwa jinsi nilivyoona, ni ngumu zaidi ya kujenga: ni kuupa utaratibu uliokuwepo nafasi ndani ya sheria bila kuuvunja.

Ila na ndiva zina mipaka yake. Zinagawa vizuri ndani ya kijiji. Chini Makanya, kijito kile hakifiki tena kiangazi, na wakulima wa bondeni wanasubiri mvua za milimani zishuke kama mafuriko, wayakamate kwa mifereji ya udongo na kulima mara moja. Zamani, nilisimuliwa, wa juu walikuwa na siku za kuwaachia wa chini. Watu wakaongezeka, bustani zikaongezeka, siku hizo zikaisha zenyewe.

Usiku Same, gesti elfu ishirini, feni inafanya kazi hadi umeme ukatike.

Ijumaa: Korogwe na Hale

Hedaru, Buiko, Mombo: mkonge, reli, mkonge. Mto uko kulia kwako huko nyikani na huuoni.

Unauona Korogwe, mpana, rangi ya chai ya maziwa, umeshapokea Mkomazi na unapokea Luengera kutoka Usambara. Nilitembea ukingoni na kuhesabu bikoni za zege. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na bikoni ndizo zinazoonyesha mstari huo. Ndani ya mstari kulikuwa na nyanya, bamia na mahindi mabichi yaliyopendeza kweli.

Mwenye nyanya hakukimbia. "Mimi nilizaliwa hapa, dada. Bikoni ndiyo mgeni." Akaniuzia sado ya nyanya kwa elfu tano na kunieleza kwamba wamekubaliwa kuvuna zilizomo, baada ya hapo wapande miti, na miche wamepewa. Akanionyesha: mikuyu na mivule midogo, mingine imekauka, mingine imeshafika kiunoni. Nilimuuliza atalima wapi. Akatazama mto. Nadhani mita 60 ni sahihi kwa mto na ni nyingi mno kwa mtu mwenye robo eka, na sijaona bango lolote linalosema lolote juu ya hilo.

Hale ni kituo cha umeme cha megawati 21 tangu miaka ya 1960, na chini yake ni Pangani Falls, megawati 68, iliyokamilika miaka ya 1990. Usipige picha mitambo bila ruhusa ya maandishi. Walinzi ni wapole lakini simu yako wataishika.

Jumamosi: Muheza na Amani

Ni kuchepuka kidogo, maana mto Zigi hauingii Pangani, lakini uko chini ya bodi ile ile, na jiji la Tanga linaunywa. Unatokea kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, hadi bwawa la Mabayani.

Basi la Muheza kwenda Amani linaondoka mchana na kurudi alfajiri, kwa hiyo panga kulala. Elfu nne. Njia ni kona, matope na harufu ya iliki. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, na kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo. Mtandao ukikataa, subiri, usibishane.

Kinachonivutia Zigi ni kwamba wa chini analipa. Wakulima wa huku juu wana umoja wao, UWAMAKIZI, na mamlaka ya maji ya Tanga imekuwa ikiusaidia waache kulima kingoni na kuchimba dhahabu mtoni, badala yake wafuge, wapande viungo na miti. Sababu ni ya kibiashara kabisa: tope likizidi Mabayani, kusafisha maji kunakuwa ghali. Mamlaka hiyo hiyo mwaka 2024 ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12 kupanua huduma ya maji. Mkulima aliyenilaza kwake, mwenye mitungo ya pilipili manga hadi mlangoni, habari za hatifungani hakuzijua. Alichokijua ni kwamba ng'ombe aliyepewa amezaa mara mbili. Chakula cha usiku kwake kilikuwa magimbi na maziwa, na malipo alikubali ya sukari tu.

Jumapili nililala Tanga. Nilifua, nikala urojo.

Jumatatu: Pangani na Bweni

Tanga hadi Pangani ni takriban kilomita 50, basi dogo, elfu nne, minazi na mkonge hadi unachoka. Mjini unaona mto kabla ya bahari. Upande wa pili ni Bweni, na kivuko kinakwenda na kurudi siku nzima kwa shilingi mia mbili kwa mtembea kwa miguu.

Nilikodi mashua yenye injini kupanda mto, elfu arobaini kwa asubuhi nzima. Mkiwa kikundi mtagawana. Mwanzoni ni mikoko: mchu, mkandaa, msinzi, mizizi ikitoka tope kwa maji kupwa. Mahali palipokatwa pamepandwa upya, miche imepangwa kwa mistari, na nahodha alinionyesha ipi imeshika na ipi imechukuliwa na mawimbi. Mbele zaidi mikoko inaingia hadi mahali ambapo, kwa maneno yake, mtoto wa zamani angeoga na kunywa.

Alizima injini, akachota kwa kiganja. "Onja."

Chumvi. Tulikuwa mbali na bahari, minazi pande zote mbili, na maji yalikuwa ya chumvi. Mto unapokuja na maji machache, bahari haikutani na cha kuisukuma, inapanda wakati wa bamvua kilomita nyingi ndani, na inaingia visimani pia. Ufukweni mjini hali ni hiyo hiyo kwa namna nyingine. Bahari imekula ardhi, na ukuta wa kuizuia umejengwa mbele ya mji.

Mama aliyetupikia Bweni, kamba wa nazi na wali, elfu sita, alisema kisima chao Januari hadi Machi kinafaa kwa kufulia tu, na hata sabuni inakataa. Ya kunywa wananunua kwa madumu. Aliwahi kulima mpunga juu kidogo, akaacha. Punje zilikuwa zinajaa nusu.

Nahodha aliketi nasi. Alikuwa na hamu ya kujua nilikotoka nimeona nini, maana yeye hajawahi kuvuka Korogwe. Nikamsimulia mzee wa mfongo, risiti ya yule mama, rundo la mawe, ndiva. Alisikiliza hadi mwisho, akilamba vidole.

"Kwenye kikao hicho mlichokaa, mtu wa Pangani alikuwepo?"

Nikamwambia hapana, kilikuwa cha mto Rau tu. Wa juu na wa chini wanatakiwa kukutana kwenye kamati za vidakio na kwenye bodi.

"Na samaki kamba wanaozaliana hapa kwa maji ya huko, wao nani amewaita?" Mama akacheka. Nahodha hakucheka. "Waambie kikao kije Bweni siku moja, kiangazi. Sisi tutapika. Kila mtu atachota kisimani mwenyewe."

Nimeandika hivyo hivyo alivyosema, na barua nimeipeleka ofisi ya bonde Moshi.

Ya mwisho kwa wasafiri: daraja la Pangani lilikuwa bado linajengwa nilipopita, na litakapofunguliwa nauli na njia zitabadilika. Kwa sasa mabasi ya kurudi Tanga huwa mengi asubuhi na adimu baada ya saa tisa alasiri. Safari nzima, pamoja na tangawizi, haikufika laki nne. Fika Mabogini siku ya kikao ukiweza, uliza kwa mgawa maji ratiba yake, na usiende na mikono mitupu: soda kwa kreti, Moshi mjini, ni nafuu kuliko kijijini.